Sheria ya Kumi ya Mashine

Kulwa alinipigia simu asubuhi, niko sokoni Bariadi nachagua nyanya, akaniambia pacha wake Doto amefariki. Hakulia. Alinieleza kwamba ni kifua, kilimsumbua tangu masika, na kwamba mazishi ni kesho yake nyumbani kwao, ng'ambo ya Mwandoya. Halafu akasema, "Usipokuja, dada, nitaelewa." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoniudhi, maana mtu akikwambia atakuelewa ujue ameshakusoma siku nyingi. Nilimlipa mwenye nyanya, nikaziacha nyanya mezani kwake, akanikimbilia nazo mpaka stendi. Miaka kumi na minane nilikuwa sijakanyaga kwa akina Kulwa. Si kwamba nilihama. Naishi hapa hapa, kazi yangu ni kuzunguka Sola, Bukundi, popote penye vikundi, nikiwafundisha watu kutumia mashine za kukatakata miti ya miiba na miti ya pamba iliyong'olewa, iende kuchomwa kwenye matanuri ya viwanda badala ya magogo. Nimepita barabara ile mara nyingi mno. Nikikaribia njia panda ya kwao, naangalia upande wa pili.

Kwamba Doto alipoteza mkono wa kulia kwenye mashine niliyoileta mimi, hilo kila mtu analijua. Mimi mwenyewe hulisimulia kwenye semina, bila jina, ili watu waogope visu. Lililonifanya niangalie upande wa pili ni jingine. Kwenye taarifa ya ajali niliandika kwamba mwendeshaji hakuitikia onyo kwa sababu ya imani za kienyeji. Wakubwa wakasoma, wakatikisa vichwa, wakamwondoa kwenye kazi aliyoitamani kuliko kitu chochote. Nami nilikuwa najua imani ile iliingiaje kwenye kazi. Niliiingiza mimi, kwa mwandiko wangu, kwa kalamu yangu ya bluu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na mdomo mrefu. Mradi ulinipa pikipiki, kofia na cheo cha mhamasishaji, nikajiona nimefika. Nilipangiwa kukaa kwa Mayu Limi, mama yao mapacha hao, kwa sababu familia yake ndiyo iliyokubali ngitili yao iwe ya majaribio. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa masika yote, isiguswe, mpaka kiangazi kikali ndipo ng'ombe waingizwe. Ya kwao ilikuwa imevamiwa na miti ya miiba hadi majani yamekosa pa kuota, kwa hiyo mashine ilikuwa na faida kwa kila mtu: miiba itoke, malisho yarudi, kiwanda kipate cha kuchoma. Nilikuwa nayasema hayo hata kwa mtu aliyeniuliza saa.

Chumba nilichopewa kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha moja, na pamba. Wakulima wenzangu wanaelewa. Msimu wa kuuza ulikuwa haujafunguliwa, pamba yote ya nyumba imerundikwa chumbani mpaka karibu na bati, na mimi nimeachiwa nafasi ya kujigeuza. Chumba chenye pamba hakina mwangwi. Ukikohoa, sauti inaishia mdomoni kwako. Wiki ya kwanza nilikuwa naongea peke yangu nikivaa, kuhakikisha tu kwamba bado nina sauti. Lakini ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa na tundu lililoachwa na tofali, na kupitia hapo nilisikia kila kilichosemwa kwenye nyumba ile. Sikuona aibu kusikiliza. Ndiyo redio niliyokuwa nayo.

Doto alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Alirekebisha baiskeli za kijiji kizima, alishona hata viatu, na fundi aliyetoka Mwanza kutufundisha mashine alisema ndani ya siku mbili kwamba yule ndiye mwendeshaji wetu. Kulwa, dada yake, aliyemtangulia kutoka tumboni na akaendelea kumtangulia kwenye kila jambo, alikuwa mcheshi. Alipoona vipande vya mti vinaruka kutoka kwenye bomba la mashine mara ya kwanza, aliuliza, "Chipsi tumeziona, Kabula. Kuku wako wapi?" Tangu siku hiyo vikaitwa chipsi, hata kwenye taarifa zangu nusura niandike hivyo.

Mayu Limi hakucheka. Alitupeleka ndani ya ngitili akatuonyesha mipaka. Katikati palikuwa na itongo, yaani mahali palipokuwa na mji wa wakwe zake kabla watu hawajahamishiwa vijijini. Nyumba hazikuwepo tena, ila uzio wa minyaa ulibaki, umerefuka kupita nyumba mbili, unazunguka uwanja mtupu. Ndani ya uzio ule, kwenye lililokuwa zizi, ndipo walipozikwa wazee. Akasema, "Miiba kateni yote. Minyaa msiguse." Nikaandika. Akaendelea, "Na mkiwa humu, mtu akisikia anaitwa jina lake, asiitike mara ya kwanza. Mtu aliye hai atakuita tena. Hawa hawana pumzi ya kuita mara mbili." Hilo sikuliandika. Nilitabasamu, lile tabasamu la semina, nikamshukuru kwa ushirikiano.

Tuliiweka mashine nje kidogo ya uzio wa minyaa. Mahali nilipachagua mimi, kwa kuwa palikuwa tambarare na pagumu, pamekanyagwa na ng'ombe wa watu waliokwisha kufa. Ilikuwa inaendeshwa na trekta. Ndani yake kuna ngoma nzito ya chuma yenye visu. Fundi alituambia jambo moja akalirudia mpaka tukachoka: trekta likizimwa, ngoma haisimami. Inaendelea kuzunguka yenyewe, kwa uzito wake. Mtu asipeleke mkono mpaka pawe kimya kabisa. Tukaandika sheria tisa kwenye daftari la jalada gumu, hiyo ikiwa ya kwanza. Na kweli, ukizima trekta mchana, ndege wakiwa wamekimbia, ulibaki na sauti ile ya ngoma ikipungua. Ilianzia juu ikashuka taratibu, uuu, kama mtu anayemwita mwenzake bondeni akiishiwa pumzi. Ilichukua muda mrefu. Watu walikuwa wanasimama na matawi mikononi wakingoja iishe, na hakuna aliyeongea mpaka iishe.

Halafu yakaja ya lundo. Chipsi zilikaa siku kadhaa zikingoja lori, na asubuhi moja ya baridi tukazikuta zinatoa mvuke. Moshi si moshi, mweupe, unapanda na kukatika, unapanda na kukatika. Nilijua sababu, nilikuwa nimesomeshwa: mti mbichi uliokatwakatwa ukirundikwa unachacha, unajipasha. Nikawaeleza vizuri kabisa. Wakati naeleza, Mayu Limi alipita katikati yetu, akazamisha mkono ndani ya lundo mpaka kwenye kiwiko, akautoa. "Lina homa," akasema, akaondoka zake kwenda kukamua. Tangu hapo mbuzi wake wawili walikuwa wanatoroka na kulala kando ya lile lundo, ubavu kwa ubavu nalo. Mimi mwenyewe, na elimu yangu, nilikuwa nalipita nikiwa nimelipa mgongo kidogo.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Minza, mama mmoja aliyekuwa akituvutia matawi. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, trekta limezimwa ili watu wale. Ngoma ikiwa inashuka, Minza akageuka kuelekea kwenye minyaa, akasema, "Bee, mayu." Halafu akajishika mdomo. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hakula siku ile. Kesho yake hakuja, na kesho kutwa yake hawakuja wengine wanne, na kila mmoja ukimfuata nyumbani anakwambia ameitwa na nani: kaka, mume, mtoto. Nilizunguka na pikipiki nikieleza habari za chuma kizito na upepo. Waliniitikia kwa heshima, wakanipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha na karanga, tukala tukizungumzia mvua, na hawakuja.

Wiki mbili zilibaki wageni wa mradi waje kuona. Barua ilikuwa wazi: kama kikundi hakifanyi kazi, mashine inapelekwa wilaya nyingine. Jioni ile tulikula ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, iliyoungwa karanga. Nilienda chumbani mapema. Kupitia tundu la tofali nikamsikia Doto akimwambia mama yake, kwa sauti ya chini, "Ikiondoka nitarudi kushika jembe, na sitalalamika. Ila mayu, ile mashine nikiishika inanisikia." Kisha akasema, "Sijawahi kushika kitu kikanisikia hivyo." Mama yake akamjibu, "Basi waambieni watu wasiitike. Mbona ni jambo dogo."

Nililala na jibu hilo kichwani, katikati ya pamba. Asubuhi nilifungua daftari, na chini ya sheria ya tisa, inayohusu kufunga nywele na vitenge, nikaandika ya kumi: Ukiwa kazini ndani ya ngitili ukasikia unaitwa jina, usiitike wala usigeuke mara ya kwanza, ngoja uitwe mara ya pili. Nikapiga mstari chini. Nikazunguka tena kwa Minza na wenzake, nikawasomea sheria ikiwa imeandikwa, kwenye daftari la mradi, na mhuri wa mradi kwenye jalada. Siwezi kueleza uso wa Minza ulivyolegea. Kumbe hakuogopa kuitwa. Aliogopa kwamba ameshaitika, na hakuna aliyemwambia afanye nini mara nyingine. Wote watano walirudi. Nilijipongeza, Mungu anisamehe. Nilijisemea kwamba huo ndio uhamasishaji.

Na sheria ilifanya kazi. Trekta lilizimwa, sauti ikashuka, na ungeona shingo za watu zikikaza, mmoja hapa, mmoja pale, kila aliyesikia la kwake. Hawakugeuka. Walingoja, ya pili haikuja, wakaendelea. Tulikaa hivyo siku kumi. Siku ya tisa niliitwa mimi. Nilikuwa nahesabu magunia matupu, na katika ule mlio nikasikia Kabula, bila haraka, kwa sauti ya mtu anayenijua. Nilihisi kinywa kinafunguka chenyewe kuitika. Nilikifunga kwa mkono. Sikumwambia mtu, na kwenye kitabu changu cha kazi niliandika kwamba siku ilikuwa nzuri.

Wageni walikuja saa tisa alasiri, wamechelewa, wana vumbi na haraka. Tuliwawekea viti kwenye kivuli cha minyaa. Doto alikuwa amevaa shati alilopigiwa pasi na Kulwa, na alifanya kazi vizuri hadi mmoja wa wageni akasahau haraka yake akaanza kuuliza maswali. Kisha tawi nene lenye makunyanzi likakwama mdomoni mwa mashine. Doto akazima trekta, akavua vizibo vya masikio, akaizunguka. Ngoma ikaanza kushuka, uuu, na wageni wakanyamaza kama tulivyonyamaza sisi siku ya kwanza. Nadhani alidhani imesimama. Au aliona wageni wakitazama saa. Nilikuwa hatua ishirini kutoka kwake, nikaona anainama, nikaona mkono wa kulia unakwenda, na mlio ulikuwa bado upo, chini kabisa, unaousikia kwa miguu kuliko kwa masikio.

Nikaita, "Doto."

Nilimwona akisikia. Hilo ndilo nililobeba miaka yote hii. Shingo yake ilikaza, mabega yakapanda, kama walivyokuwa wakifanya wote. Hakugeuka. Mkono ulisita kidogo, nusu tu ya pumzi, kisha ukaendelea kwenda. Nilipoita mara ya pili tayari alikuwa anapiga kelele mwenyewe, na Kulwa alikuwa ameshanipita mbio, na mmoja wa wageni ameanguka na kiti chake.

Alipona. Kiganja hakikubaki. Mimi nililala chumba kile usiku mmoja tu baada ya hapo, na asubuhi, mezani kwa mwenye duka moja Mwandoya, niliandika taarifa. Daftari la sheria nililiacha kwao makusudi, nikaandika kwamba sheria zilikuwa tisa. Mashine ilichukuliwa ikatengenezewa mdomo mrefu ambao mkono haufiki, na siku hizi zote zinakuja hivyo. Zimeenea. Ni nzuri, nazitetea mpaka kesho. Ngitili nyingi zimepata majani tena. Mimi nilipandishwa cheo.

Basi nilikwenda mazikoni. Walimzika ndani ya boma jipya, kando ya baba yake, watu walikuwa wengi, na Mayu Limi, sasa haoni vizuri, alinishika kichwa kwa mikono miwili akanipa salamu ya asubuhi, "Mwangaluka, Kabula," ingawa ilikuwa mchana. Jioni watu walipopungua Kulwa alinipeleka kwenye chumba changu cha zamani. Pamba ilikuwemo, mpaka karibu na bati. Alileta ugali na nsansa, akakaa chini kwenye mkeka, tukala. Nilikuwa nimejiandaa tangu Bariadi. Nilisema, na sauti yangu ikaishia kwenye pamba, "Kulwa, kuna kitu niliandika." Akanawa mikono, akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa daftari la jalada gumu. Mhuri umefifia. Akalifungua palepale bila kutafuta, kwenye ukurasa wenye wino wa bluu.

"Watu wa mradi walipokuja kumwuliza Doto kama ni kweli taarifa inavyosema," alisema, "lilikuwa kwenye sanduku lake, chini ya mashati. Nilimwambia litoe. Nilimtukana. Akasema hapana, Kabula atakuja kulichukua mwenyewe."

Nililia hapo. Si kilio cha kupendeza. Nilimwambia kwamba ningemwita mara mbili kwa mkupuo, Doto Doto, angekuwa na mkono wake, na kwamba kila usiku huwa namwita mara mbili. Kulwa aliningoja nimalize. Kisha akasema, bila ukali, "Alijua ni wewe. Ile ya kwanza. Alituambia hospitalini, akasema sauti ya Kabula siwezi kuikosea. Nikamwuliza, sasa mbona hukugeuka? Akasema, si yeye ndiye aliyeandika tusigeuke?"

Nililifunga daftari, nikalitia kwenye mkoba wangu.

Asubuhi tulikwenda naye ngitilini kutafuta kuni za msiba. Miiba imekwisha, majani yanafika magotini, na minyaa iko pale pale, mirefu zaidi, haijaguswa. Mahali pa lundo pamebaki duara jeusi lisiloota kitu, na mbuzi, wa kizazi kingine kabisa, wamelala humo. Ng'ambo ya bonde kikundi cha kijiji jirani kilikuwa na mashine yao, moja ya hizi nilizowapelekea mimi. Wakaizima. Sauti ikaanza kushuka, ikavuka bonde, ikapita kwenye minyaa. Kulwa alikuwa mbele yangu na panga begani. Niliitwa. Nilisikia jina langu lote, Kabula, kwa sauti ya mtu wa maneno machache, na niliitika palepale, "Abee," kwa nguvu ya kusikika mpaka ng'ambo. Kulwa alikaza shingo. Hakugeuka.